Kadi ya Mtumba

Imetoka Igoma, kwenye banda la michezo
ambako watoto walipiga mpira wa kwenye skrini
kwa shilingi mia mbili mbili, hadi mama zao wawafuate na fimbo.
Magesa, dereva wa ofisi, aliifunga kwa kanga,
akaipakata njia nzima kama mtoto mwenye homa.

Nilipofungua feni nikakuta kungu,
kungu wa ziwani, wakavu, wepesi kuliko majivu,
wamejazana katikati ya mapezi
(naam, hata kadi ya michoro ina mapezi).
Nikawatoa kwa mswaki, mmoja mmoja.

Tuliihitaji. Kompyuta yetu ya Nyegezi
ilikula siku tisa kusoma picha za droni za asubuhi moja.
Siku tisa! Ramani inakamilika, magugu maji yameshahama,
yametoka Bwiru, yameziba Kirumba,
na Nkwimba anapigiwa simu kutoka mwaloni:
"Daktari, hii ramani yako ni ya marehemu."

Basi saa sita, bando la usiku lilipofunguka,
nikashusha kiendeshi.
Kikaingia vizuri. Nikazima. Nikawasha.

Giza.

Si giza la nje; la nje lina karabai za dagaa hadi upeoni.
Hili ni giza la kisima kilichofunikwa.
Nikapitia mlango wa nyuma, kwenye herufi nyeupe tupu,
nikakikuta kiendeshi cha zamani kimejibanza humo humo.
Mafahali wawili, zizi moja.
Nikamtoa mmoja. Aliyebaki akagoma:
kiini cha mfumo ni kipya mno kwake.
Nikarudisha kiini cha zamani. Zana za hesabu zikanuna,
zinataka toleo la kumi na mbili, si la kumi na moja.
Ni posa ya kwetu Usukumani:
baba amekubali, mjomba hajahesabu ng'ombe wake.

"Na hiyo draiva yenu," akauliza Magesa,
"leseni yake ni ya daraja gani?"

Saa nane umeme ukaenda zake.
Betri ya akiba ikalia kifaranga, ikanyamaza.
Nikaandika mgongoni mwa boksi:

Kadi, kitu cha thamani,
umelala sandukuni,
nakuuliza: ni nini
kinakufanya ugome?

Magesa akasoma kwa tochi ya simu.
"Vina vimekaa," akasema. "Kadi ndiyo haijakaa."

Umeme ulirudi na adhana ya kwanza.
Nikafuta vyote. Nikaanza na zana, nikamalizia na kiendeshi,
kinyume cha maelekezo, kinyume cha akili yangu,
kisha nikauliza swali fupi kuliko yote ya usiku ule:
Upo?

Kioo kikajibu neno moja:
Kweli.

Feni zikaamka. Ubawa wa kungu mmoja,
niliyemsahau, ukaruka ukatua kwenye kidole changu.

Nkwimba aliingia saa moja na chapati mkononi.
Hakuuliza tumelala wapi.
"Ya leo?"
"Ya leo. Dakika arobaini."
Akainama kwenye kioo, akafuata ukingo wa kijani kwa kidole chenye mafuta,
kisha akaenda dirishani kulinganisha,
akakaa kimya kidogo.
"Yamesogea," akasema. "Kidogo tu.
Piga tena."