Risiti Kutoka Al Khoudh

Kule Ruwi jumuiya ilinilipa nusu kwa riali,
nusu kwa "Mungu atakulipa."
Kiyoyozi kikiguna kama mgonjwa wa jino,
na mfadhili akichelewa kujibu barua
tulipimiana mwezi kama mchele wa kukopa.
Lakini Bi Zuwena alijua mwanangu ana pumu.
Nikichelewa hakuangalia saa.
Aliniuliza, "Usiku kalala?"

Sasa niko skuli. Tarehe ishirini na tano
pesa imeshaingia, na bima mpaka ya meno.
Mlangoni mashine inadai kidole changu;
dakika ikizidi, robo ya siku imekatwa.
Mwaka wa pili huu, na mkuu wa hesabu
bado ananiita "yule wa karo."

Sikatai, nilihama kwa ajili ya kodi ya nyumba.
Barua ya sifa aliniandikia Zuwena mwenyewe,
akanisahihishia na tarehe.

Jana nimezuia cheti cha mtoto,
Muhannad, darasa la sita,
deni riali mia mbili na kumi.
Mama yake alisimama dirishani, hakusema kitu.
Ndiyo kazi. Ndiyo bima ya meno.

Baada ya adhuhuri ikafika hundi kutoka Ruwi,
saini yake ile, mkia umepinda kama ndoana.
Nikagonga muhuri: IMELIPWA.

Nikataka kuongeza chini, kwa mkono,
*naam, siku hizi analala.*
Risiti ya skuli haina mstari wa hayo.