Kabati la Maabara

Ufunguo nakaa nao mimi, mwalimu wa kemia,
kwa sababu kabati liko maabara
na maabara ni yangu.
Rafu ya juu chupa za asidi,
rafu ya chini riwaya.
Mkuu alisema: Wewe gawa tu, andika majina.

Nikagawa kama dawa.
Hiki kinakemea tamaa, Lusekelo,
hiki kinasifu bidii,
kutwa mara tatu, baada ya chakula.
Jumatatu vikarudi vimenyooka,
mgongo haujakunjwa hata mara moja,
na asante nyingi, nyingi mno.

Ndipo akaja Sikudhani wa Kidato cha Pili B,
saa ya mapumziko, barafu ya ukwaju
ikimchuruzika mpaka kiwikoni.
Mwalimu, akauliza, hakuna kitabu
ambacho mtu anakosea halafu hafi?

Nilitazama rafu.
Msichana aliyependa ukurasa wa kumi
ukurasa wa mia alizikwa.
Mvulana aliyetoroka shule, lori likamgonga.
Tumewaua watoto wengi sana humu
ili waliobaki watulie.

Akachuchumaa, akatafuta mwenyewe.
Akachomoa kimoja kisicho na jalada,
kimevimba kama andazi tangu mwaka ule
Msimbazi ulipoingia madarasani bila hodi,
tukaanika vitabu juu ya bati
na mawe juu yake, upepo usifunue.
Kinaitwaje? Hakuna aliyejua.
Nikaandika daftarini: Kisicho na jalada.
Sikudhani Mbwana. II B.

Jumatano, Lusekelo:
naomba kile kisicho na jalada.
Alhamisi, Chausiku.
Ijumaa wawili wakagombana,
nikawakalisha benchi moja wasome bega kwa bega,
mwepesi akimsubiri mzito kila mwisho wa ukurasa.

Mtu wa kemia akinusa kitu asichokijua
hasogezi pua, anapunga mkono kwanza.
Nilikichukua nyumbani, Kigogo.
Umeme ulikuwa umekatika, nikasoma kwa tochi ya simu.

Binti wa miaka kumi na mitano
anaiba pesa ya cherehani ya shangazi yake.
Anadanganya. Anadanganya tena.
Anaungama vibaya, kwa hasira, mlangoni.
Shangazi ananyamaza siku nne.
Siku ya tano anamwita:
njoo nitungie uzi, macho yangu yamechoka.
Basi. Hilo tu.

Pembeni mwa kurasa, penseli:
*Hapa nenda polepole.*
*Usisome usiku kama umegombana na dada yako.*
*Ukurasa wa 88 toka nje, usilie mbele za watu.*
Na chini kabisa, kwa herufi ndogo
za mtoto asiyenyoosha mkono darasani,
niliyempa kumi na mbili kwa mia
na kuandika *Zembe* kwa wino mwekundu:
*Mimi pia.*

Kurasa za mwisho zilikwenda na mto.
Kwenye karatasi iliyobaki wametunga miisho mitatu,
kalamu tatu, ugomvi mtupu:
binti anaondoka, binti anarudisha pesa,
cherehani inaibiwa na mtu mwingine kabisa.
Wa nne ameandika: *Acheni hivyo hivyo.*

MARUFUKU KUCHORA VITABU, inasema karatasi
kwenye mlango wa kabati. Mwandiko ni wangu.
Sijaibandua. Sijui kwa nini sijaibandua.

Ila siku hizi mtoto akiniuliza kipi kizuri
neno mafunzo silitaji.
Namuuliza: nani amekuudhi wiki hii?
Umewahi kusema uongo
ukaona aibu kuurudia nyuma?
Akinyamaza, nafungua kabati
nageuka kuosha mirija ya majaribio,
naigonganisha kwa makusudi
ajue sisikii.

Kwenye bawaba nimefunga penseli kwa uzi.
Ni ya tatu hiyo tangu Pasaka.
Wanazimaliza.