Dirisha la Tsiala

Kutaisi, mwezi wa pili. Theluji imegeuka tope.
Tsiala ana akiba ya kufanya jambo moja tu.

Otari mwoka mikate kampa kioo cha dirisha:
"Bandika ukurasa kila asubuhi.
Watu wangu hupanga foleni, macho yao hayana kazi."
Wa jana ubanduke, wa leo ukae,
na kosa lake la herufi,
na alama ya kidole chenye unga.

Ama apange chumba cha juu, ng'ambo ya mto,
mlango wenye kibao cha shaba na jina lake,
rafu ya vitabu vyake vinne,
picha aliyopigwa akiwa na miaka thelathini,
kila kitu mahali pake,
kimetulia kama maiti iliyokwisha oshwa.

Mimi ni mdogo wake, sina elimu ya mambo haya.
Nilisema tu: chumba kitakutambulisha,
dirisha litakudai.
Akaninunia siku mbili.

Jumatatu akabandika habari ya bata wa jirani
aliyekataa kuchinjwa.
Jumanne, kioo kitupu.
Jumatano, mistari sita juu ya mvua,
na Vazha mshona viatu akagonga kioo kwa ufunguo:
"Na yule bata, je?"

Pesa ya chumba bado imo ndani ya soksi.
Kibao alikichongesha hata hivyo.
Kiko jikoni, tunawekea sufuria ya moto.

Juzi usiku nilimkuta
anakisugua kwa majivu na limau,
taratibu, herufi kwa herufi.