Umesema Zabibu

Shati jeupe, kila Jumatatu:
kola isimame, mkunjo wa mkono
uwe na makali ya kumkata nzi.
Ndivyo unavyotaka, afande,
na hujawahi kunikopa hata shilingi mia.
Mbukwa, mguu unaendeleaje, watoto je,
salamu zako zimekuwa kamili siku zote.

Leo ni Alhamisi, siku isiyo yako.
Umelileta limefungwa kwenye gazeti.
"Zabibu," umesema. "Msimu wenyewe huu, unajua tena."

Najua. Agosti ya Dodoma
upepo na zabibu huja pamoja,
na kilicho cheupe hakina bahati.
Najua na madoa pia. Ndiyo yanayonilisha,
mwaka wa kumi na tisa huu, hapa Chang'ombe,
kwa maji yetu ya chumvi yanayogombana na sabuni.
Zabibu hutambaa. Hupanuka taratibu,
pembeni ikageuka rangi ya bilinganya.
Hili halikutambaa.
Hili limeruka,
vitone vidogo, kutoka pindo la mkono hadi kiwikoni,
kama mtu aliyepiga kitu chenye maji
mara moja, kisha tena.

Nyemo, kijana wa Sechelela,
alitoka Mpunguzi saa kumi na moja alfajiri,
kreti mbili nyuma ya pikipiki,
amezikaza kwa mpira wa tairi la baiskeli.
Pale Mkonze akasimamishwa. Taa ya nyuma.
Kweli haikuwaka, hata mama yake hakatai.
Akasema: niandikie, afande, nitalipa.
Akarudia: niandikie.
Basi.
Muuza maziwa aliyekuwapo anasema
kijana hakupandisha sauti,
na anasema hivyo akitazama chini,
maana yeye naye taa yake haiwaki.

Sasa Nyemo anakunywa uji kwa mrija.
Kreti zililala kwenye lami hadi saa nne,
malori ya Iringa yakapita juu yake.
Kwa hiyo hukudanganya kote, afande.
Zabibu zilikuwepo.

Sikuulizi. Uani kwangu hapana kizimba wala hakimu,
pana karai, kamba,
na pasi ya mkaa ya marehemu shangazi,
aliyeniachia pamoja nayo kanuni mbili:
damu, maji baridi, na uwahi,
kabla haijasahau kuwa nayo ilikuwa maji;
zabibu, maji yanayotokota,
yamwage kutoka juu, usiyaonee huruma.
Ukikosea, alisema, ukaipa damu moto,
umeifungisha ndoa na kitambaa.
Ndoa ile haina talaka.

Nimekaa na vyombo viwili.
Ndoo ya alfajiri, baridi,
jani la mwarobaini linaelea.
Sufuria jikoni, inaanza kunguruma.
Nimeufikiria mguu wangu unaouulizia kila wiki.
Nimeufikiria mkono wako:
uliponipa gazeti ulitetemeka,
ukautia mfukoni haraka
kama mtoto aliyelamba sukari ya wageni.
Kwa ajili ya mkono ule
ningeweza kuivuta ndoo.
Ungetamka neno moja, hata kwa kunong'ona,
hata kwa kukohoa,
ningejua chombo gani kinakufaa.

Lakini umesema zabibu.
Nami ni dobi. Neno la mteja
sina mamlaka ya kulipinga.

Nimemwaga kutoka juu.

Njoo Jumatatu. Bei ni ile ile.
Kola itasimama, mkunjo utamkata nzi,
na kuanzia pindo hadi kiwikoni
utavikuta vitone saba, nimevihesabu,
vyenye rangi ya udongo wa Mkonze,
vimetulia, safi kabisa, vinanukia sabuni,
vikingoja barabarani
uinue mkono kusimamisha mtu.