Rehani

Daftari la madeni lina jina lake: Nyamizi Kashindye,
mshona nguo, Isevya, nyuma ya mashine ya kukoboa.
Laki mbili, riba thelathini kwa mia, wiki nne.
Wiki ya sita tulibisha hodi.
Niseme kweli: mimi ndiye niliyebisha,
na karibu sikuingoja.

Bwana Kapela hunilipa kwa kila ninachobeba.
Mkopo wetu mjini hapa wanauita kausha damu,
nasi hatukasiriki, jina huvuta wateja.
Nilibeba cherehani, kichwa na meza yake,
nikaona haijatosha, nikavuta blanketi kitandani,
lile zito, la mistari myekundu.
Mtoto alikuwa amelilalia.
Nilimsogeza.

Usoke, darasa la kipaimara, baridi ya Julai:
mwinjilisti Lutamla alitukaririsha sheria za Israeli ya kale.
Si zile kumi tu. Zile ndogondogo, za uani na shambani:
paa la kutembelea lijengewe ukingo, mtu asije akadondoka;
ng'ombe wa adui yako akipotea, mswage hadi kwake;
usivune mpaka pembeni, kuna wasio na shamba.
Na za rehani. Hizo mimi, mtoto wa mlima tumbaku,
nilizishika kabla ya wenzangu,
maana nyumbani baiskeli ilikwisha kuchukuliwa.

Usiingie kwa mdaiwa. Kaa nje, akutolee mwenyewe.
Jiwe la kusagia usiliguse, ndilo roho ya nyumba.
Na nguo ya kujifunika, ikiwa ni ya maskini,
giza lisiikute kwako.
Tukauliza kwa nini. Lutamla akaninyooshea fimbo:
"Wewe, usiku una shuka ngapi?"
"Moja."
"Basi umeelewa."

Jioni ile jua lilikuwa linaifuata reli ya Kigoma,
nami nala mihogo ya kukaanga pale stesheni.
Sikuwa mtu wa toba. Nilikuwa mtu aliyehisi baridi.
Nikatoa blanketi stoo, nikalifunga kwenye keria.
Safari hii nikasimama nje, nje kabisa, mchangani.
"Umesahau nini?"
"Nimekuletea la kulalia."
"Deni limefutwa?"
"Hapana. Asubuhi nalifuata."
Alinitazama kama anayepima kitambaa kibovu.
Akalipokea.

Asubuhi nikalifuata. Alinitolea mwenyewe, limekunjwa mara nne.
Jioni nikalirudisha.
Siku ya tatu lilinuka mkojo wa mtoto, siku ya nne sabuni.
Siku ya tano mtoto alinilaki njiani, akashika pindo,
tukaenda hivyo, mimi na mdaiwa wangu wa miaka mitatu.
Majirani wakaanza kunifanya saa:
"Blanketi limepita, injika ugali."

Nikawaza, wale wa jangwani hawakusema deni lifutwe.
Walimtaka mdai atembee tu.
Atembee kila magharibi na usingizi wa mwenziwe begani,
mpaka achoke yeye.

Siku ya nane Bwana Kapela akanidaka mlangoni:
"Hii ni rehani, au mgonjwa wa kulazwa na kuruhusiwa?"
Akanikata elfu tano.
Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.
Blanketi halijarudi stoo tangu hapo.

Nimeeleza yote, ila cherehani.
Ipo Gongoni, chini ya ngazi, kati ya redio na magodoro.
Uzi wa kijani bado umo kwenye tundu la sindano,
na chini yake umebanwa mkunjo wa sketi ya shule
ya binti wa mtu mwingine kabisa,
asiyedaiwa na sisi hata senti.

Jiwe la kusagia. Nalijua jina lake.
Ni nzito kwa baiskeli, najiambia,
na leo jua limewahi.