Hatua Sita kwa Nne

Hatua sita kwa nne, basi.
Nimezipima kwa viatu vya kazi
nikirudi kutoka kiwanda cha mikate alfajiri,
unga bado kwenye nyusi.
Jirani wa kushoto ameweka kabro.
Wa kulia, kabro.
Buruburu inavaa mawe, gari lilale pakavu.
Kwangu pamebaki kijani,
au tuseme kijani, kahawia, na upara
pale Musembi anapopanga goli.

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili
ziumiazo ni nyasi.
Sikuwaelewa hadi niliponunua hizi,
magunia matatu, mizizi na udongo wake.
Fahali wa kwanza ni zamu ya usiku.
Wa pili ni kengele ya shule.

Maji hutoka Jumanne na Ijumaa, yakipenda.
Kwa hivyo nyasi zangu hunywa masazo:
yaliyoosha mchele,
yaliyosuuza soksi,
na nusu karai aliyoiacha Mwikali bafuni
akisema, "Hii ni ya bustani, Baba,"
kumbe anakwepa kusugua shingo.

Kisha masika.
Zikaota kama deni, usiku na mchana,
zikafika magotini,
paka wa Bi Nyaboke akazama humo siku mbili.
Kamati ya mtaa ikaleta barua yenye muhuri:
kata, au weka mawe kama wenzako. Siku saba.
Ombasa wa fyekeo alitaka mia tano.
Nilikuwa na mia mbili na mkate wa jana.
Akachukua mkate, akaniachia fyekeo.

Jumapili usiku, basi, ndio wakati uliopatikana.
Mke wangu, ametoka zahanati miguu imevimba,
kaketi kizingitini akanimulikia kwa simu.
Mimi nafyeka, watoto wanavuta reki
iliyong'oka meno mawili.
Mapazia ya jirani yakasogea.
Nyasi zikatoka mabonde na vilima,
kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa na babake
mkesha wa kufungua shule.

Lakini zilikuwa zimetuwekea amana:
gololi nne,
kijiko,
ufunguo wa kufuli tuliyoivunja Januari,
soksi moja ya mtu asiyekiri.
Musembi akavipanga ukutani kama duka.
Hakuna aliyekumbuka kwamba kesho ni Jumatatu.

Jumanne alfajiri nimerudi, mfereji unakohoa,
maji yaja.
Nikaweka mpira, nikavua viatu,
nikasema nitaketi tu hadi udongo ulowe.
Mkato mpya una harufu ya tango.
Vichwa vidogo vimeshaanza kuchomoza,
havijui habari za barua.

Niliposhtuka palikuwa na mkoba wa shule juu yangu,
na nyuma ya mkoba, mbingu nyeupe,
na Musembi ananiruka asichafue soksi:
"Baba, umelala golini."