Mkia wa Histidini Sita

Februari, Tartu. Mto umeganda
kiasi cha kubeba baiskeli na mwenye baiskeli.
Dirisha la maabara limeota ndevu za barafu,
nami nimekaa kwenye kiti kirefu nakungoja wewe, protini,
udondoke tone kwa tone.

Wewe ni wa binadamu: ndivyo isemavyo karatasi.
Jeni yako ilitoka kwa mtu asiyetajwa,
ikanakiliwa, ikakatwa, ikashonwa upya,
kisha tukaenda kumbishia hodi bakteria.
Husemwa: mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mwenyeji huyu hakupona.
Husemwa pia: siku ya tatu mpe mgeni jembe.
Hapa mgeni ndiye aliyefika na jembe mkononi,
akamkabidhi mwenye nyumba mlangoni, siku ya kwanza,
naye akalima, akalima,
katika mchuzi wa nyuzijoto thelathini na saba,
joto la kwapa la mtu mzima,
mpaka tukampasua kwa mawimbi ya sauti
tukamwaga maganda.

Mkia hukuzaliwa nao.
Histidini sita, sita tu, mwisho wa mnyororo wako;
hakuna mwili uliokuomba uuvae.
Ni kishikio, kama sikio la kikombe,
ili nikeli iliyomo ndani ya mrija
ikutambue katikati ya umati, ikudake.
Wengine wote walipita na maji ya chumvi.
Wewe uling'ang'ania.
Ikabidi nimimine imidazoli,
kitu chenye vidole kama vyako,
nikeli ikadanganyika, ikashika vidole vile,
ikakuachia.

Ng'ambo ya mto, wodi ya ghorofa ya tatu,
baba yangu Endel amefungwa utepe wa plastiki:
jina, na tarakimu kumi na moja.
Si kwamba hana wewe. Anaye,
ila ndani yake umekunjwa vibaya.
Daktari Leelo alinionyesha kwa leso yake:
alikunja pembe moja kwa haraka
na leso nzima ikakataa kuingia mfukoni.

Nami hapa nimekushika, umekunjwa sawasawa,
msafi asilimia tisini na tano,
nusu mililita, huna hata rangi.
Lebo niliichapa mwenyewe:
*Kwa utafiti wa maabara tu.
Si kwa matumizi ya binadamu.*
Sababu naijua. Masalio ya yule mwenyeji
yangemwasha mgonjwa homa usiku huohuo;
na wewe, ndani ya mtu,
hakuna aliyewahi kukuuliza utafanya nini.
Sina ugomvi na lebo.
Karibu sina.

Saa kumi na moja alfajiri nakulaza kwenye friza,
sifuri kasoro themanini.
Keshokutwa utasafiri kwenye barafu kavu
kwenda kwa mtu wa Osaka nisiyemjua,
akuulize swali moja, pengine usijibu.

Navuka daraja. Theluji inalia chini ya viatu.
Baba yu macho; huuliza vilevile kila asubuhi:
"Mmepika nini leo huko?"
"Mirija ishirini na minne."
"Na hakuna hata mmoja wa kuonja?"
Anacheka, anakohoa, ananinyooshea mkono.
Utepe umelegea tangu Jumatatu,
unateleza hadi karibu na kiwiko.
Naurudisha chini,
naukaza tundu moja.